Chaki Kwenye Gurudumu la Namba Mbili

Nyinyi vijana mna mkono mwepesi sana kwenye swichi. Nawaona. Mnaitwa mahali, mnakuta mashine imesimama miaka, vumbi limejaa mpaka unaweza kuandika jina lako juu yake, na kitu cha kwanza mnachouliza ni, "Stima iko?" Stima iko, ndiyo. Na mkishabonyeza hiyo swichi, stima itaendelea kuwako, lakini mashine haitakuwako. Itakuwa imepinda shafti na kupasua vali, na gesi itawakimbiza na machozi yenu mpaka Jogoo Road, watu wa pale wafikiri mmefiwa.

Mimi nimefanya kazi ya mashine za baridi tangu sina hata ndevu za kunyoa. Na sisemi hizi friji za dukani. Nasema zile kompresa kubwa za gesi ya amonia, zenye gurudumu la chuma linalomfikia mtu kifuani, zilizokuwa zikigandisha maghala ya nyama na siagi kule Industrial Area, Nairobi. Kwa hivyo nikisema kaeni mnisikilize, kaeni.

Aliyenifunza ni Fundi Were, Mungu amrehemu. Siku yangu ya kwanza naye nilifungua sanduku la spana kabla hajanena neno. Akalifunga kwa mguu.

"Umeisalimia?" akaniuliza.

"Nimesalimia nani, mzee?"

"Mashine."

Nikafikiri mzee wa watu amechanganyikiwa. Kumbe kuisalimia ni kuizunguka yote mkono mtupu, unaigusa kwa kiganja, unanusa kila kiungio cha bomba, unaangalia chini palipo na doa la mafuta na kujiuliza limetoka wapi. Nilifanya hivyo asubuhi nzima, naona haya, wapakiaji wa ghala wananicheka. Mchana akaniuliza nimeona nini. Nikasema sijaona kitu. Akasema, "Basi kesho utaisalimia tena." Huyo ndiye Were.

Alinifunza kwamba mashine ikikaa sana, mafuta yote hushuka chini yakawa mazito kama uji wa wimbi uliolala. Maji huingia mahali hayakualikwa. Panya hula waya. Mota hunyonya unyevu, na ukiiwasha hivyo inaungua papo hapo. Kwa hivyo unaifungua, unaweka balbu zinazowaka ndani yake, unaifunika na magunia, unaiacha ijikaushe siku kadhaa kama kuku anayeatamia. Mkubwa wa kampuni akija kukuharakisha, unamwambia inaatamia. Hajui, ataondoka.

Alinifunza pia jinsi ya kutoa hewa iliyojificha kwenye mabomba. Unachukua mpira mwembamba, mwisho mmoja kwenye vali ya juu, mwingine ndani ya ndoo ya maji. Amonia ikitoka, maji huimeza; unasikia tu kelele kidogo. Hewa haimezwi, inapanda na mapovu. Mapovu yakiisha, funga. Mara ya kwanza kufanya peke yangu nilisahau ndoo. Wee! Sitaki kueleza. Nilitoka mle ndani nikiita mama yangu, mtu mzima, na mama yangu alikuwa mbali, kijijini Kangundo.

Sasa, kuna jambo ambalo hata Were hakuniambia, nalo ni upweke wa kazi hii. Mashine inayofanya kazi ina watu: opereta, wapakiaji, madereva wanaopiga hodi wakitaka barafu. Mashine iliyosimama haina mtu. Unapelekwa na gari la kampuni, unaachwa getini na sanduku lako, na mpaka jioni unazungumza na chuma. Nilikuwa nikimaliza siku nzima bila kusikia jina langu. Halafu natembea kwa miguu, navuka reli, napita Makadara, nafika mtaa wa Jericho kwenye chumba changu. Mama Ndunge, mke wangu, alikuwa nyumbani Kangundo na watoto na shamba, kama wake wa wengi wetu siku hizo. Namwona mwisho wa mwezi, nikibahatika. Majirani walikuwa watu wazuri, lakini kila mmoja alikuwa na mlango wake. Nilikuwa mpweke, nawaambieni wazi, na nilikuwa naona haya kusema hivyo kwa sababu mwanamume wa Nairobi mwenye kazi alitakiwa aseme maisha ni mazuri.

Ndivyo nilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini nilipopelekwa kufufua mashine za ghala moja karibu na reli. Jina lake halina maana tena. Lilikuwa limefungwa miaka mingi. Wenyewe waligombana, wakatawanyika, mwishowe likanunuliwa na watu wapya, wakaleta meneja kijana mwenye viatu vya kung'aa. Meneja alinieleza mambo kwa ufupi, tena mbele ya mtu ambaye yalikuwa yanamhusu zaidi kuliko mimi.

"Kuna kompresa mbili. Ukifufua hata moja mpaka mwisho wa mwezi, tunafungua ghala. Ukishindwa, wanunuzi wa vyuma vikuukuu wameshakuja kuziangalia. Tutauza kila kitu." Kisha akamwonyesha kwa kidole mzee aliyesimama kando na kabuti refu. "Na huyu, mashine ikiwaka, tutamrudishia kazi yake ya opereta. Isipowaka, hatuna haja ya mlinzi wa kiwanja kitupu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa hali ya hewa. Aliitwa Gachanja, mtu wa Murang'a. Zamani ndiye aliyekuwa akiendesha mashine zile. Ghala lilipofungwa, wenyewe walimwambia, "Wewe usiondoke, tutafungua karibuni." Wengine wote wakaenda zao. Yeye akabaki. Alikuwa na kitanda cha mbao pale pale kwenye chumba cha mashine, pembeni, na jiko la makaa karibu na mlango. Mkewe alituma ujumbe mara ngapi arudi nyumbani, naye kila Krismasi anajibu mwaka ujao. Watoto wakakua. Alikuwa na wajukuu ambao hawajui sura yake.

"Kwa nini hukurudi, mzee?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Nirudi niseme nilikuwa nafanya nini?" akanijibu. "Nitarudi nikiwa opereta. Opereta anaenda likizo, anabeba sukari na mkate, anarudi kazini. Mlinzi wa ghala lililokufa anaenda nyumbani kukaa tu."

Nikaona basi. Ile mashine ikikataa, si kazi tu anayopoteza. Miaka yake yote pale ingekuwa bure, na yeye mwenyewe alikuwa anajua.

Namba Moja tulianza nayo, na haikutuchelewesha. Nilitia mtaimbo kwenye gurudumu, nikavuta, nikaning'inia. Haikutikisika hata unywele. Beringi za chini zilikuwa zimeingia maji, zikashikana na shafti mpaka zikawa kitu kimoja.

"Hii hukuigeuza?" nikamwuliza.

"Hiyo inataka watu wawili kwenye mtaimbo," akasema Mzee Gachanja. "Nilikuwa mmoja."

Namba Mbili ndiyo iliyonishangaza. Nilitia mtaimbo, nikajiandaa kuvuta kwa nguvu zote, na gurudumu likazunguka taratibu, laini, kama limeachwa jana. Karibu nianguke. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza, mkono mdomoni.

"Kila Jumamosi," akasema. "Kila Jumamosi tangu wafunge, namgeuza mzunguko mmoja. Hakuna aliyenituma."

Vijana, huyo ni mtu. Mnajua kazi ya kugeuza gurudumu lile kwa mkono? Na kulifanya miaka, bila mkubwa wa kukutazama, bila mtu wa kukwambia ahsante? Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Mzee wangu, umeiokoa." Akaenda kupika chai, na nikamsikia anaimba huko mlangoni.

Wiki ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Tulimwaga mafuta ya zamani. Tukaweka balbu kwenye mota. Tukasugua mabomba ya kondensa, pale gesi inapopozwa, yaliyojaa matope. Mzee alikuwa anazungumza tu! Alikuwa na maneno ya miaka mingi yamejaa, yakatoka yote: habari za opereta wenzake, za mke wake alivyokuwa akicheza ngoma, za paka aliyekaa naye muda akapotea. Mchana tunakula githeri yake, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria moja. Mimi nilimletea muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, niliotumiwa kutoka nyumbani, akaula wote kisha akasema Wakamba hawajui kupika mahindi. Nilikuwa nikiamka asubuhi Jericho nina haraka ya kufika.

Kisha nikafungua vichwa vya silinda.

Ndani ya silinda kuna laina, ule mkebe wa chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Unatakiwa uwe laini kama kioo. Nilipomulika kwa tochi niliona duara la kutu, limekula chuma kuzunguka pande zote, mahali pamoja tu. Nikamulika silinda ya pili, vile vile. Nikapitisha kucha, ikakwama. Ukiwasha mashine hivyo, ringi za pistoni zitavunjika kwenye lile kovu kabla hujafika mlangoni.

Nilisimama pale nikijua ninachokiona, na sikutaka kukijua.

"Mzee," nikasema, "hebu nionyeshe ulivyokuwa ukiigeuza. Vile vile hasa."

Akaja na furaha zake. Akanionyesha alama ya chaki kwenye ukingo wa gurudumu, imepigwa na kurudiwa juu ya ile ya zamani mpaka ikawa nene. Akatia mtaimbo, akaanza kuvuta, anahema, gurudumu likazunguka lote, na alama ya chaki ikarudi juu kabisa. Akaisimamisha hapo hapo, sawasawa, akaikagua kwa jicho moja, akaitingisha kidogo mpaka ikakaa.

"Hivyo," akasema.

Hivyo. Kila Jumamosi anaigeuza, na kila Jumamosi anairudisha mahali pale pale. Pistoni zinatembea, halafu zinarudi kulala kwenye kitanda kile kile. Na penye kulala siku zote, unyevu unakaa, kutu inakula. Angeiacha robo mzunguko mbele, wiki nyingine robo nyingine, tungekuta silinda zinang'aa. Hili lishikeni, ndilo nililotaka mlichukue hapa: mashine isiyofanya kazi igeuzeni, lakini msiirudishe ilipokuwa.

Ningeweza kumficha. Ningesema ni maji, ni uzee. Lakini alikuwa opereta, na alikuwa akiniangalia usoni. Nikamwambia. Nikampa tochi akaangalia mwenyewe. Aliangalia muda mrefu, silinda moja, kisha ya pili, kisha akarudi ya kwanza.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Nimeiharibu mimi."

"Shafti umeiokoa wewe, na sili za kuzuia gesi, na beringi. Angalia Namba Moja. Usingegusa hii ingekuwa hivyo hivyo."

"Lakini haitawaka."

"Sijasema haitawaka. Nauliza tu, mzee wangu: kwa nini kwenye chaki? Nani alikwambia lazima irudi pale?"

Akakaa kwenye kitanda chake. Akavua kofia, akaishika mapajani.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Mimi nilikuwa natoka. Naenda kutafuta makaa, naenda kanisani. Nikirudi, naangalia chaki. Nilisema, kama siku moja wenyewe wamerudi na mimi sipo, au fundi ametumwa, au hata mtu tu amepita akaingia akashika mashine, nitakuta chaki imesogea. Nitajua mtu alikuja."

"Na ilisogea?"

"Hapana," akasema. "Haikusogea."

Niliumia, vijana. Niliumia mahali ambapo sikujua pana kidonda. Kwa sababu jioni ile nilifika Jericho, nikafungua mlango, na kikombe changu kilikuwa pale pale nilipokiacha asubuhi, na kijiko ndani yake, na kiti kimegeukia pale pale. Nikakaa juu ya kiti kile sikuwasha hata jiko. Nikalia, nikijua ninachokililia.

Kesho yake nikarudi na akili nyingine. Namba Moja ilikuwa imekufa chini, kwenye beringi, lakini juu silinda zake zilikuwa zimefunikwa na mafuta mazito yaliyogandia. Nikafungua. Laina safi! Mashine zile ni pacha, kiwanda kimoja, saizi moja. Kuzitoa laina hizo ili tuzitie Namba Mbili ilikuwa kazi ya punda: tulipasha moto, tukapiga, tukavuta kwa mnyororo, mzee amekamata upande mmoja na mimi mwingine. Alikuwa hazungumzi tena. Alifanya kazi kama anayelipa deni, na nilipomwambia apumzike aliniangalia kwa hasira.

"Wewe utaondoka," akasema. "Mimi ndiye nitakayebaki kujibu."

Siku za mwisho wa mwezi zikafika, na meneja na viatu vyake. Nyuma yake kulikuwa na lori la mnunuzi wa vyuma, limesimama nje ya geti, injini inanguruma, halina aibu. Tulikuwa tumetia mafuta mapya na gesi, tumetoa hewa kwenye ndoo mpaka mapovu yakaisha. Nikageuza gurudumu kwa mkono mara ya mwisho. Kisha nikamwambia Mzee Gachanja, "Opereta ni wewe. Washa."

"Nani, mimi?"

"Ati nani? Kuna opereta mwingine hapa?"

Akafuta kidole kwenye kabuti. Akabonyeza. Mota ikanguruma, mikanda ikalia, gurudumu likasogea kwa uzito, halafu likashika mwendo. Nikaweka bisibisi kwenye silinda, mpini sikioni, nikasikiliza. Pistoni zilikuwa zinapanda na kushuka, laini, hazigusi kitu. Nikatazama geji ya mafuta, ikapanda. Nikafungua vali ya kuvuta gesi kidogo kidogo. Tukangoja. Meneja akauliza kitu, hakuna aliyemsikia. Na baada ya muda bomba la kurudi likaanza kutoa jasho, kisha likawa jeupe kwa barafu.

Mzee Gachanja akaenda akakwangua ule weupe kwa kucha, akaupaka kwenye paji la uso. Akasimama hivyo, macho yamefungwa, maji yanamtiririka. Sijui yapi yalikuwa ya barafu. Lori likaondoka.

Mngetaka niishie hapo. Mimi pia. Lakini kazi ina kesho yake.

Alirudishiwa uopereta kweli, na likizo akaenda, na sukari na mkate. Mkewe alimpokea. Wajukuu walimwogopa, aliniambia, wakamwita mgeni. Aliporudi alikuta kitanda chake kimetolewa, kwa sababu sheria haziruhusu mtu kulala penye gesi, na hilo ni haki. Akapewa kibanda nje. Ghala likajaa watu, lakini chumba cha mashine kina mtu mmoja tu, na makelele yale hayaachi mtu aingie kupiga gumzo. Watu wa nyama walikuwa wanapita mlangoni, wanampungia mkono, wanaenda.

Ndipo simu zikaanza. Ofisini kwetu wananiambia, "Musyoka, yule mzee wa reli amepiga. Anasema Namba Mbili inalia vibaya." Nakwenda. Nasikiliza na bisibisi, silinda moja, ya pili. Naangalia geji, napapasa beringi. Mashine iko sawa kabisa, inafanya kazi kama saa. Namwambia, "Ngoja tuiangalie kidogo." Naye anasema, "Ndiyo, wewe iangalie, usiwe na haraka." Na chai iko tayari, vikombe viwili, vimeoshwa.

Kila baada ya muda ilikuwa inalia vibaya. Nilikwenda kila mara, miaka yote mpaka alipostaafu. Sikumwuliza hata siku moja, naye hakuniambia. Tulikuwa tunasimama pande mbili za mashine nzima, tukiitazama, tukipigiana kelele habari za nyumbani.

Kwa hivyo mkiwa na kazi zenu, na simu zenu za mfukoni, mkapigiwa na mzee ambaye hamjui anataka nini, akisema kitu kinalia, nendeni. Chukueni spana. Fungueni kifuniko, angalieni taratibu. Chai mkipewa, kunyweni yote.

Mama Ndunge alitangulia mwaka juzi. Watoto wengine wako Buruburu hapa karibu, wengine mbali zaidi, wana shughuli. Na mimi hapa Jericho nina friji moja ndogo jikoni. Kazi ya baridi nimeifanya maisha yangu yote, lakini hii imenishinda, sijui ina nini. Inalia vibaya. Njooni mwiangalie.